Mishale ya Mjomba Kapela

Jumamosi, 25 Oktoba 1997, Ibra

Leo nimezima kiyoyozi kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Nimefungua madirisha, vumbi likaingia, sikujali.

Yaarub, mtoto wa kaka yangu Marhoun, amekuja baada ya alasiri. Ni mhandisi wa mifereji ya falaji, alisoma Arizona miaka minne, na kila akija ana jipya. Safari hii ana habari ya maonyesho ya mambo ya kale yatakayofanyika mwezi wa Februari katika sabla, ule ukumbi wa mikutano wa mtaa wetu. Panga zipo, ngao zipo, bunduki za mababu zipo tele. Mishale hakuna. Ustadhi Abdullatif, mwenyekiti wa kamati, hajaridhika, kwa sababu Mtume mwenyewe alisifu kurusha mshale. Yaarub aliniuliza kama namjua seremala yeyote mzee.

Kisha akatoa picha aliyopiga huko Amerika. Mzee wa kabila la Waapache amekaa kwenye kibao mbele ya makaa, ananyoosha tete. Pembeni yake ipo mishale iliyokwisha: mwili wa tete, mbele kimechomekwa kijiti cha mti mgumu, nyuma manyoya matatu, na kote kumefungwa kwa uzi wa kano ya mnyama. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Nikamwambia, "Huyu ni mjomba wangu Kapela, ila amevaa kofia pana."

Alidhani natania. Nikamweleza kwamba mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa fundi wa mishale kule Tabora, tulikozaliwa kabla ya kuhamia huku Uarabuni, na mimi nilikaa magotini pake tangu nina miaka sita. Kwanza nilishika uzi tu. Nilipofika miaka kumi na mbili nilikuwa nafunga manyoya vizuri kuliko watoto wake wa kiume. Yaarub ana miaka ishirini na tisa na hakuwa ameyasikia haya hata siku moja. Akaniuliza, "Shangazi, unaweza bado?"

Nimesema naweza. Mishale kumi na miwili. Nimestaafu hospitali mwaka huu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufunga vidonda vya watu. Mikono haina la kufunga.

Jumatano, 29 Oktoba

Soko la wanawake. Nimemwomba Wadha, mama wa Kibedui anayeuza mafuta ya samli karibu na mlango, anipatie kano za mgongo wa ngamia. Akaniuliza nani kaumia. Nikamwambia hakuna aliyeumia, natengeneza mishale. Hakucheka. Alisema mnyama akichinjwa kwao Sinaw ataniletea, ila nimwonyeshe.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekata matete arobaini kwenye ukingo wa falaji, chini ya mitende. Mjomba alikuwa akisema tete la mshale hulichagui kwa macho, unalibana kwa vidole: likitii, liache, likikataa, likate. Yaarub alibeba. Nimeyafunga mafungu na kuyalaza kivulini chini ya ngazi. Ni lazima yakauke taratibu, la sivyo yanapasuka.

Jumanne, 4 Novemba

Mgongo. Nimelala mchana.

Alhamisi, 20 Novemba

Matete yamekauka, rangi ya samli. Kati ya arobaini nimechagua ishirini na mawili.

Leo nimeanza kunyoosha. Nimewasha mkaa uani, napitisha pale tete lilipopinda juu ya joto mpaka liwe laini, naliweka gotini na kulikunja kinyume, nalishika mpaka lipoe. Halafu nalitazama kwa jicho moja kama ninavyotia uzi kwenye sindano. La kwanza nimeliunguza. La pili limevunjika. La tatu, mikono ikakumbuka. Sina maneno mengine ya kulieleza jambo hili. Nilikuwa nimekaa uani Ibra, redio ya jirani inasoma hali ya hewa kwa Kiarabu, na vidole vyangu vinafanya jambo ambalo sijavifunza upya.

Saba yamenyooka. Nimeyasimamisha ukutani nikayatazama muda mrefu, peke yangu, kama mwenye mali.

Ijumaa, 28 Novemba

Tai wamekwisha kuja. Kila majira ya baridi wanatua kwenye jaa la taka nje ya mji, wakubwa, wa kahawia. Yaarub alinipeleka kwa gari, tukaokota manyoya yaliyoanguka. Wafanyakazi wa manispaa walitutazama sana: mwanamke wa miaka hamsini na saba, abaya na buibui kamili, anachagua manyoya jaani.

Nimemfundisha Yaarub siri ya mjomba. Manyoya matatu ya mshale mmoja lazima yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwa sababu yanapindia upande wake. Ukichanganya, mshale unayumba kama mlevi. Alifurahi. Alisema yule mzee wa Arizona alimwambia vilevile, naye hakuelewa Kiingereza chake.

Jumatano, 3 Desemba

Wadha ameleta kano tano, ndefu, ngumu kama ufito. Nimezipondaponda kwa jiwe zikachambuka nyuzi nyembamba. Nikatia moja mdomoni mbele yake, nikaitafuna mpaka ikalainika, nikaizungusha kwenye tete. Ikikauka inajibana yenyewe, haihitaji fundo. Alilipapasa lile tete na kuniuliza nilifunzwa na nani. Nikasema ndugu wa mama. Akasema, "Mwenye mjomba hafi njaa," akarudi kwenye samli yake.

Jumapili, 7 Desemba

Mishale yote kumi na miwili imesimama. Vijiti vya mbele nimevichonga kwa mkunazi wa uani kwangu, nikavichoma ncha kwenye majivu ya moto mpaka vikawa vyeusi na vigumu. Karibu na manyoya nimetia duara mbili nyekundu na moja nyeusi, alama ya mjomba.

Ustadhi Abdullatif amekuja kuitazama, pamoja na Yaarub. Ni mwalimu aliyestaafu, mtu wa heshima, anakaa wima hata kwenye godoro. Ameshika kila mshale kwa ncha za vidole na amenisifu kwa maneno ambayo sikuyazoea. Kisha akatoa karatasi mfukoni na kunisomea kibao walichoandaa: "Mishale ya kale ya Sharqiyah, kama walivyoitengeneza mababu zetu."

Nikamwambia si kweli. Sijui mababu wa Sharqiyah, mkoa wetu huu, walitengenezaje mishale, na yeye hajui. Hii ni mishale ya Mnyamwezi mmoja wa Tabora aliyeitwa Kapela. Kibao kiseme hivyo, na kiseme mimi nimeitengeneza.

Alisema kwa upole kwamba maonyesho ni ya vitu vya hapa.

"Ustadhi," nikamwambia, "tete limekatwa kwenye falaji yenu. Mti umetoka uani kwangu. Kano zimetoka Sinaw. Ni mikono tu iliyotoka Tabora. Sasa niambie, mimi ni wa hapa au si wa hapa?"

Alisema atazungumza na kamati. Alipoondoka Yaarub aliniambia nimemtia mzee jasho Desemba.

Jumatatu, 8 Desemba

Marhoun amepata habari. Amenipigia simu kutoka dukani kwake na kuzungumza Kiarabu tangu mwanzo mpaka mwisho, nami nikajua kuna watu mbele yake, au anataka niamini wapo. Amesema niwape mishale kama ilivyo, waandike watakalo. Amesema jina la marehemu baba linatosha, hakuna haja ya kutaja ya Bara. Nilimuuliza kwa Kiswahili, "Kaka, unamwonea haya mama?" Simu ikakatika. Labda laini.

Miaka yote nimemjua hivi. Baba, Khalaf bin Said, anamtaja kila majlisi. Mama yetu, Nyamizi, ambaye alibaki Tabora kwa hiari yake kwa sababu hakutaka kumwacha ndugu yake na shamba lake, hamtaji. Alipofariki mwaka 1979 barua ilinifikia mimi. Marhoun alikuwa Dubai kwa biashara, na hata alipojua hakufanya hitima nyumbani kwake. Nilifanya mimi. Sijamsamehe, na sijawahi kumwambia kwamba sijamsamehe.

Jumanne, 16 Desemba

Mawingu tangu asubuhi. Nimekwenda Sur kumpa pole binamu, nimelala huko. Mishale nimeiacha imelazwa barazani, chini ya paa la makuti, ipigwe upepo.

Jumatano, 17 Desemba

Barabara ilifungwa na wadi, bonde kavu lililojaa maji ya mvua, mpaka saa sita mchana. Nimefika nyumbani saa tisa.

Mvua ilikuja ya ubavuni, chini ya makuti. Mishale yote ilikuwa imelowa. Kano ikipata maji inarudi kuwa nyama: imelegea, inateleza. Manyoya yameanguka sakafuni yamegandamana kama ya kuku aliyenyonyolewa. Vijiti vimetoka kwenye midomo ya matete. Matete saba yamepasuka kwa sababu nilipoyaona tu nikakimbilia kuyaanika juani, kosa ambalo mjomba angenichapa kwalo hata leo.

Nilikaa chini barazani na abaya yangu ya safari. Nilikuwa najua. Mjomba alipaka kila ufungaji utomvu wa mti juu ya kano, na mvua za Tabora hazikuwahi kumfungulia mshale. Niliiruka kazi hiyo kwa sababu nilitaka kumwonyesha Abdullatif upesi. Nilitaka kusifiwa, nikasifiwa, na hii ndiyo bei yake.

Yaarub amekuja jioni. Hakusema neno la kunifariji, na nimemshukuru kwa hilo. Aliokota manyoya moja moja, akayatenga ya kulia na ya kushoto.

Alhamisi, 18 Desemba

Matano yamesalia mazima. Yale ya akiba niliyoyaacha chini ya ngazi ni manane. Kwa hiyo inawezekana.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimenyoosha manne.

Jumatano, 31 Desemba

Ramadhani imeingia. Nimegundua leo jambo la kuchekesha: kano inalainishwa mdomoni, na mimi nimefunga. Nimejaribu maji ya vuguvugu kwenye kikombe. Si sawa na mate, yanailainisha kupita kiasi, lakini ukiifuta kwa kitambaa inakubali.

Jumapili, 4 Januari 1998

Yaarub ameniletea utomvu wa mgunga kutoka njia ya Sinaw. Nimeuyeyusha na kupaka wa kwanza. Unang'aa kama asali.

Ijumaa, 9 Januari

Nataka kuandika haya yote yakiwa bado yananiuma.

Marhoun amekuja leo baada ya alasiri, peke yake, bila kupiga simu. Nilikuwa barazani nafunga mshale wa tisa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu na kunitazama nikifanya kazi. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika. Ana miaka sitini na mitatu, na leo niliiona yote.

Alianza kwa Kiswahili. Alisema kuna jambo kwenye faili letu la uraia ambalo mimi silijui. Tulipofika mwaka 1974 yeye ndiye aliyesimama mstarini kwa niaba yetu sote. Mtu aliyekuwa mbele yake, ambaye naye alitoka Bara, aliulizwa jina la mama, akalitaja, na karatasi zake zikawekwa kando. Mpaka leo Marhoun hajui kwa nini. Huenda ilikuwa picha tu imekosekana. Ilipofika zamu yake na yule karani kijana, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akamuuliza jina la mama, Marhoun alimtaja Bi Maryam, mke mkubwa wa baba, Mwarabu wa hapahapa Ibra, ambaye hakutuzaa.

"Nilimkana mama yetu kwa pumzi moja," alisema. "Wala hakuna aliyenilazimisha."

Niliweka mshale chini. Nilimwambia kwamba miaka ishirini na nne mimi natembea katika mji huu nikiwa mtoto wa mwanamke mwingine, na sikuambiwa. Alisema ndiyo. Nikamuuliza kama ndiyo sababu hakuwahi kumtaja, hata kumwombea.

Hapo ndipo aliponieleza la pili. Mwaka 1979 hakuwa Dubai. Mtu wa Tabora alimpigia simu, akapanda ndege mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo treni. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Yeye na mjomba Kapela walijenga kaburi kwa mikono yao, wakapanga mawe. Walipomaliza, mjomba alimuuliza kama huko Uarabuni tunamtaja dada yake. Marhoun akamjibu kwamba tunamtaja kila siku.

"Ule ndio uongo wa pili," alisema, "na ndio unaoniamsha."

Alilia. Sijamwona kaka yangu akilia tangu tukiwa watoto. Sikumshika mkono. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilimshika. Nilikwenda jikoni nikatia mchuzi kwenye bakuli na kupanga tende, na adhana ilipotoka tulifuturu pamoja, tukisema tu nipe maji, chukua mkate.

Alipokuwa anavaa viatu aliutazama mshale wa tisa na kusema duara nyeusi ianze karibu na manyoya, nimeigeuza. Ni kweli. Nilikuwa nimeigeuza.

Jumatatu, 12 Januari

Siku tatu sikugusa kitu. Nimemkasirikia mpaka meno yananiuma. Halafu namwona kwenye treni ile, amekaa na suti yake ya biashara, hajui amwambie nani.

Jumamosi, 17 Januari

Nimerekebisha duara za mshale wa tisa. Wa kumi umekwisha.

Alhamisi, 22 Januari

Yaarub ameleta jibu la kamati. Wamekubali kibao changu kwa sharti moja: kwa kuwa jina la nyumba litatajwa hadharani, mkubwa wa nyumba atie saini. Mkubwa wa nyumba ni Marhoun.

Yaarub aliuliza kama nitakwenda kumwomba baba yake. Nimesema siendi. Karatasi apelekewe, aisome peke yake. Asipotia saini, mishale yangu haiingii mle ndani, nitaitundika ukutani kwangu na itakuwa mishale vilevile.

Idi, 30 Januari

Idi njema. Farasi wamekimbia, watoto wamelewa sharubati. Marhoun alikuja na wote wa nyumbani kwake. Alinipa mkono. Hakutaja karatasi, nami sikutaja.

Alhamisi, 12 Februari

Mishale kumi na miwili imekamilika, imepakwa utomvu, nimeinyunyizia maji kwa makusudi na kuiacha kutwa nzima. Hakuna hata uzi mmoja uliolegea.

Yaarub alikuwa na uta aliouchonga kwa mzeituni mwitu wa Jabal Akhdar, kazi ya miezi miwili, na upote ni wa kano za Wadha. Tukaenda wadini asubuhi, tukaegemeza gunia la majani makavu ya mtende kwenye gema, nikahesabu hatua thelathini. Kwanza alirusha yeye, ukapita juu. Nikachukua uta. Bega lilinilaumu. Mshale ulitoka kimya, ukazunguka kama ulivyotakiwa, ukaingia katikati ya gunia mpaka kwenye duara nyekundu.

Nilirusha mitano. Minne iliingia. Watu wawili waliokuwa wanapita na mbuzi walisimama mpaka mwisho.

Mchana Yaarub ameichukua yote kuipeleka sabla. Anasema kama kibao hakikuandikwa nilivyotaka, atairudisha kwangu kabla mlango haujafunguliwa. Nilimuuliza kama baba yake ametia saini. Alisema karatasi haijarudi kwake, labda imekwenda moja kwa moja kwa Ustadhi.

Jumatatu, 16 Februari

Nimevaa nguo yangu ya kijani na dhahabu ya mama, ile bangili moja tu aliyonipa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilipita panga, nikapita bunduki, nikiambiwa hujambo huku na kule na watu niliowafunga majeraha. Mishale ilikuwa mwisho wa ukumbi, imepangwa juu ya kitambaa cheupe, na mbele yake watu wameinama wanasoma. Nilisubiri wapungue.

Kibao kiliandikwa kwa Kiarabu, kwa mkono mzuri: "Mishale ya matete. Imetengenezwa na Mahfoudha binti Khalaf, wa Ibra, kwa ufundi wa mjomba wake Kapela, wa Unyamwezi, Tabora." Hayo ndiyo niliyoyataka. Chini yake palikuwa na mstari mmoja ambao sikuuomba: "Ndugu wa mama yake, Nyamizi binti Mhoja."

Nilisoma mara tatu. Ustadhi Abdullatif alisimama pembeni yangu na kuniambia kwa sauti ndogo kwamba kaka yangu alikuja mwenyewe nyumbani kwake, akatia saini, akaomba kalamu tena.

Marhoun alikuwa kule mlangoni na wafanyabiashara wenzake, amevaa kilemba cha Idi na jambia kiunoni. Mzee mmoja wa Ibra, mwenye fimbo, ambaye alimjua baba, alikuwa anasoma kibao kwa kidole. Akageuka na kuuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wasiosikia vizuri, huyu Nyamizi ni nani, mbona Khalaf mke wake alikuwa Maryam.

Wa karibu waligeuka, na mimi nikafungua kinywa nijibu. Marhoun alikuwa amekwisha kuanza kuja. Alikuja katikati ya watu, polepole, mpaka akasimama mbele ya mishale.

"Nyamizi ni mama yangu," alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ileile kubwa. "Mimi na huyu dada yangu katuzaa yeye. Karatasi zikisema vingine, ni mimi niliyewaambia waandike vingine, na Jumamosi nakwenda kuwaambia ukweli."

Mzee alimtazama, akatazama mishale, akasema, "Basi mama yako alikuwa na ndugu fundi." Akaendelea na jambia za jirani.

Marhoun hakuondoka. Alisimama pale mpaka alasiri, na kila aliyefika alimweleza: hii tete, hii kano, hii alama ya nyumba yetu. Nilimsikia akiwaeleza habari ya manyoya ya upande mmoja, na akaeleza sawasawa, bila kukosea, kwa sababu naye aliwahi kukaa magotini pale kabla yangu. Hilo nililisahau kwa hasira. Saa tisa nilimletea maji. Nilimshika mkono.

Jumatano, 18 Februari

Soko la wanawake. Baridi imekwisha, jua la leo lina meno. Nilikuwa nachagua bizari wakati sauti ilipoita nyuma yangu. Katika mji huu wote wananiita binti Khalaf, au sista wa hospitali. Wadha alikuwa amesimama juu ya kikreti chake cha samli ili aonekane, anapunga mkono, amekwisha kusikia kutoka kwa waliokwenda sabla.

"Binti Nyamizi," aliita, na wanawake wote wakageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Nikaitika.